Kosa ni la Nani? Uhakiki wa Ujumbe wa Kompaila kwa Msomaji wa Kindu

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa kiasi fulani umefungua mlango kwa nyimbo, maandishi ya kanga na matangazo ya biashara. Matini fupi zinazotolewa na mashine hazijapata nafasi kubwa katika kazi hiyo. Hata hivyo lipo kundi la wasomaji ambao kila siku huzisoma matini hizo kwa makini kuliko wanavyosoma gazeti, nao ni wale wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza, huyapitia maandishi hayo, na inapokwama hutoa sentensi moja au mbili kueleza kilichoikwamisha. Sentensi hizo ndizo ziitwazo ujumbe wa kosa. (Wingi wake, jumbe, ni pia cheo cha watawala wa zamani wa Mrima, na mwanafunzi aliyekwisha kufokewa na kompaila hataona kuwa mgongano huo wa maneno ni wa bahati tu.) Makala haya yanauchukulia ujumbe wa kosa kuwa ni utanzu wenye msemaji, msomaji na mtindo wake. Yanadai kwamba juhudi za kuuleta utanzu huo katika Kiswahili zimetumia nguvu nyingi katika istilahi na kukisahau kitenzi.

Msomaji anayezingatiwa hapa ni wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, mji ulio kwenye Mto Lualaba, mahali ambapo reli itokayo kusini hukutana na safari za maji za kuelekea Ubundu. Kiswahili kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19 iliyojenga vituo vyake Nyangwe na Kasongo, na misafara ilipokwisha lugha ilibaki. Mwaka 1928 wamisionari Whitehead walichapisha huko Wayika, kwenye mto huohuo, kitabu cha mafunzo ya Kingwana, na katika anwani yake wakakiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kwa hiyo mwanafunzi wa informatiki Kindu huishi baina ya lugha tatu. Huzungumza na wenzake Kiswahili cha Maniema, hufundishwa kwa Kifaransa, na kompaila humjibu kwa Kiingereza, isipokuwa pale penye tafsiri ya Kifaransa, kama ilivyo kwa kompaila ya GCC.

Kuna sababu ya kimbinu ya kumchagua msomaji huyu. Ujumbe wa Kiswahili unaoonekana kuwa wazi Dar es Salaam au Nairobi huenda ukawa wazi kwa sababu moja tu: msomaji wake anajua Kiingereza, na anapoisoma tafsiri huirudisha kimyakimya katika asili yake. Haelewi sentensi ya Kiswahili. Anaikisia sentensi iliyo nyuma yake. Msomaji wa Kindu, ambaye Kiingereza kwake ni somo tu, hana mkongojo huo. Mbele yake sentensi ya Kiswahili hulazimika kusimama kwa miguu yake yenyewe.

Malalamiko kuhusu ujumbe wa kompaila yana umri unaokaribiana na ule wa kompaila zenyewe. Grace Hopper, aliyetengeneza mojawapo ya kompaila za kwanza mwaka 1952, alisimulia baadaye jinsi wakubwa wa kampuni yake walivyoshtuka walipoonyeshwa programu iliyopokea maagizo kwa Kifaransa na Kijerumani. Tangu mwanzo, basi, suala la mashine izungumze lugha ya nani halikuwa suala la ufundi peke yake. Mwaka 1982 Ben Shneiderman alitetea kwamba ujumbe wa mashine utaje jambo mahususi, uelekeze namna ya kulirekebisha, na uache maneno ya kulaumu na kutisha. Mwaka 1983 ilitoka Turbo Pascal, ambayo haikuandika sentensi nzuri zaidi ya wenzake bali ilifanya jambo moja la busara: ilisimama kwenye kosa la kwanza na kumrudisha mwandishi katika maandishi yake, kielekezi kikiwa pale ilipokwama. Katika miaka ya 2010 kazi hii ilichukuliwa kwa uzito mpya. Evan Czaplicki mwaka 2015 aliiandikia lugha yake ya Elm ujumbe unaosema kwa nafsi ya kwanza, kama mtu anayeeleza alichokiona. Watengenezaji wa lugha ya Rust wakafuata mwaka 2016 kwa ujumbe unaonukuu mstari wenyewe na kuupigia alama mahali penye tatizo.

Kati ya tafiti zilizofanywa, mbili zina uzito wa pekee kwa mwanaisimu. Mwaka 2011 Guillaume Marceau, Kathi Fisler na Shriram Krishnamurthi waliwachunguza wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijifunza lugha ya Racket, wakakuta kwamba wengi hawakuyaelewa maneno ya kitaalamu yaliyotumiwa katika ujumbe, ingawa yalikuwa ya lugha waliyosomea. Mwaka 2017 Titus Barik na wenzake walifuatilia mwendo wa macho ya wanaprogramu, wakathibitisha kwamba ujumbe husomwa kweli, na kwamba ugumu wa kuusoma unalingana na ule wa kuusoma msimbo wenyewe. Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, unaona kwamba mwanafunzi wa Marekani mwenyewe husoma ujumbe wa kosa kama anayesoma lugha ya kigeni. Kuubadilisha msamiati wake uwe wa Kiswahili kutamfikisha mwanafunzi wa Kindu pale alipo yule wa Marekani, na pale si mahali pazuri.

Bahati mbaya, huko ndiko juhudi za Kiswahili zilikoelekea. Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulistahili sifa zote uliyopata, na tafsiri za Microsoft zilizofuata katikati ya muongo huo zilikuwa na faida yake. Kazi hizo zilihusu hasa programu za ofisi. Programu ya ofisi humkabili mtumiaji kwa menyu, na menyu ni orodha ya nomino na amri fupi: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Ukishaamua neno, umemaliza. Ndiyo maana mjadala ulitawaliwa na maswali ya iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Hata Kiswahili cha Kongo kilipopata nafasi katika hifadhi ya kimataifa ya data za lugha iitwayo CLDR, ambamo programu nyingi huchota majina ya miezi na siku, kilipata kwa mtindo huohuo wa orodha. Faili iliyoitwa «Kiswahili ya Kongo» iliorodhesha mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, na kuendelea hadi mwezi ya kumi na moya na ule unaoufuata. Mtu wa Kindu akiiona orodha hiyo hutabasamu, kwa kuwa anaisikia sauti anayoijua. Lakini ni kalenda. Ujumbe wa kosa ni sentensi, na sentensi ya Kiswahili hubebwa na kitenzi.

Uchukuliwe mfano mdogo kuliko yote. Mwanafunzi ameandika katika mstari wa 4 wa programu ya C x = x + 1, akasahau alama ya ; ambayo humaliza kila agizo katika lugha hiyo. Mstari wa 5 unaanza na neno return. Kwa miaka mingi kompaila za C zililalamikia mstari wa 5. Mfasiri anayefuata neno kwa neno atatoa sentensi kama hii:

«Mstari wa 5: Kosa: ilitarajiwa ';' kabla ya 'return'.»

Hakuna neno gumu hapa. Kila mtu wa Kindu anajua kosa, kabla na mstari, na kutarajia si kitendawili. Walakini sentensi haisemi kitu. Ilitarajiwa na nani? Kitenzi cha kutendwa kimemficha mtendaji, na mtendaji ni kompaila yenyewe, ambayo msomaji hakufikiri kuwa ina matarajio. Wakati uliopita wa -li- unaliweka jambo katika masimulizi, kana kwamba lilitokea likaisha. Na hilo kabla ya linampeleka msomaji kwenye mstari wa 5, ambao hauna tatizo lolote. Atautazama mstari huo mzima ulio sahihi, atauhariri, ataharibu kilichokuwa kizuri, kisha mashine itamletea malalamiko mapya matatu. Sentensi imeandikwa kutoka mahali aliposimama msemaji. Msomaji yuko kwingine.

Linganisha na hii:

«Mstari wa 4 bado haujafungwa. Mwishoni mwake uwekwe ;»

Hapa pana jambo ambalo Kiswahili kinalo tayari bila ya kukopa. Kikanushi cha -ja- husema mambo matatu kwa pamoja: kwamba hali fulani haipo sasa, kwamba ilipaswa kuwapo, na kwamba nafasi ya kuwapo haijapita. Anayeambiwa kuwa wali haujaiva hasikii lawama. Anasikia kwamba wali unahitaji moto zaidi. Mapendekezo ya Shneiderman ya mwaka 1982, yaani kutaja jambo, kuonyesha njia na kuacha kulaumu, kwa sehemu kubwa yamo ndani ya silabi hiyo moja. Mfano wa Python unaonyesha namna hazina hiyo inavyoweza kutupwa. Toleo la 3.10 la mwaka 2021 lilileta nafuu kubwa kwa mwandishi aliyefungua mabano akasahau kuyafunga: badala ya kulalamikia mstari wa mbele, huonyesha pale mabano yalipofunguliwa na kusema, kwa Kiingereza, kwamba hayakufungwa kamwe. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni nzuri. Ikifasiriwa «hayakufungwa kamwe», mabano yamekwisha kufa na kuzikwa. «Hayajafungwa» inayaacha hai mikononi mwa mwandishi.

Inaweza kuulizwa kama -ja- inaishi Kindu. Matamshi si yaleyale kila mahali. J ya pwani husikika y katika matamshi mengi ya Kongo, kama lile moya la kalenda linavyoshuhudia. Hata hivyo umbo la -ja- husomwa bila taabu na aliyekizoea Kiswahili cha vitabu, na neno bado, ambalo halina mpaka kati ya Lamu na Lualaba, huimarisha maana pale umbo linapolegea. Kwa msomaji wa Unguja bado katika sentensi ile ni ziada kidogo. Iachwe hivyohivyo.

Ugumu wa pili ni neno kosa lenyewe. Kosa katika Kiswahili ni la mtu. Kuna makosa ya jinai, kuna kumkosea mzazi, kuna kuomba radhi kwa makosa. Ujumbe unaofunguliwa kwa neno hilo humfikisha msomaji kizimbani kabla hajajua shtaka, na mfasiri asiye na tahadhari anaweza kuongeza herufi haramu na kosa la mauti, kwa kuwa Kiingereza cha mashine za zamani kilikuwa na maneno ya namna hiyo hasa. Wapo wanaopendelea hitilafu au dosari. Haya ni maneno ya adabu, lakini ni ya magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, na msomaji wa Kindu atayapita kama anayepita kibao cha ofisi asiyo na shida nayo. Kasoro ni neno zuri zaidi, hasa kwa kitu kilichopungua, lakini uzuri wake unategemea kukua na saa mbili kasoro robo. Jibu rahisi ni kuliacha neno la kichwa kabisa. Namba ya mstari ikitangulia na sentensi ikafuata, hakuna asiyejua kwamba kuna jambo la kurekebishwa.

Kitenzi kukosa, kwa upande wake, kinavutia, kwa sababu maana yake ya kupungukiwa inajulikana pwani na Kongo vilevile. «Mstari wa 4 umekosa ;» ni sentensi fupi na ya kweli. Kuna mtego, nao ni wa kisarufi kabisa. Kiambishi u- ni cha mstari na pia ni cha wewe. Ujumbe ukifupishwa kuwa «Umekosa ;», kama jumbe za mashine zinavyopenda kufupishwa, haijulikani tena aliyekosa ni mstari au ni mwandishi, na mwanafunzi aliyekwisha kukata tamaa atachagua maana ya pili. Katika ukanushi mtego huo hautokei: hujafunga ni wewe, haujafungwa ni mstari. Yaelekea Kiswahili kimejiandalia chenyewe umbo linalofaa kwa kazi hii.

Hapa ndipo nafsi inapoingia. Nafsi ya kwanza ya Elm imesifiwa sana, na kwa Kiswahili ingetoa sentensi za namna ya «Nimeshindwa kuusoma mstari wa 4». Ni ya upole, lakini inachosha upesi, na ina unafiki kidogo: mashine inajifanya mnyonge ilhali imekataa kuendelea. Nafsi ya pili katika hali timilifu, «umesahau», ni kidole kinachonyooshwa usoni. Kinachofaa ni kitu kuwa kiima katika maelezo, na hali ya dhamira katika maelekezo, «uwekwe», «yafungwe», ambayo huomba bila kuamuru. Mtu mzima asiyejulikana hapewi amri tupu, Kindu wala Tanga.

Kuhusu majina ya alama yatosha kusema machache. Mtanzania aliyesoma ataiita, nukta-mkato, mwanafunzi wa Kindu ameifahamu kwa jina lake la Kifaransa. Kamati inaweza kukaa juu ya tofauti hiyo miaka kumi. Alama yenyewe ikiandikwa ndani ya ujumbe, hakuna anayehitaji jina.

Jambo la mwisho la lugha ni gumu zaidi, na huenda likawagawa wasomaji wa taarifa hii. Lugha nyingi za programu hutenga aina za vitu: namba, maneno, orodha. Kujumlisha namba na neno ni mwiko, na ujumbe wa mwiko huo huwasumbua wanaoanza. Kishawishi cha kila mwalimu wa Kiswahili ni kusema kwamba aina hizo ni ngeli, na kwamba kilichotokea ni kuvunjika kwa upatanisho, kama mtu aliyesema kitabu mizuri. Mlinganisho huo ni wa kupendeza, na katika ukumbi wa mihadhara wa Dar es Salaam utashangiliwa. Lakini «mwezi ya kwanja» ilikwisha kutuonya. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kongo upatanisho wa ngeli umelegea sana, na anayesema hivyo hajavunja chochote. Anasema lugha yake. Kumweleza kosa la programu kwa kumkumbusha kwamba Kiswahili chake nacho kina kosa ni kumpiga mara mbili. Sentensi iliyo wazi haina haja ya ngeli: «Mstari wa 7: 5 ni namba, "Kindu" ni neno. Haviwezi kujumlishwa.»

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote hutoka kwa wanaprogramu wenyewe. Husema kwamba ujumbe wa Kiingereza, hata ukiwa mbaya, unaweza kutafutwa katika intaneti na kupatiwa majibu elfu. Wa Kiswahili utamwacha mwanafunzi peke yake. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa kwa hisia za uzalendo. Rust ina suluhisho linalofaa kuigwa: makosa yake mengi yana namba ya kudumu, kama E0382 inayohusu kutumia kitu ambacho umiliki wake umekwisha kuhamishwa, na namba hiyo hubaki ileile sentensi ikiwa ya lugha yoyote. Namba hutafutwa, sentensi huelewa. Pingamizi la pili ni kwamba kompaila haijui nia ya mwandishi, na ujumbe unaoeleza kwa uhakika mno huweza kupotosha kuliko ule uliofumbwa. Hili ni kweli, na dawa yake ni neno huenda, litumike tu pale mashine inapokisia. «Huenda jina lililokusudiwa ni jumla» ni kauli ya kweli. «Ulikusudia jumla» ni uongo hata inapokuwa sahihi.

Mahali pa kulijaribia suala hili papo tayari. Hedy, lugha ya kufundishia iliyoanzishwa na Felienne Hermans mwaka 2020, huruhusu maneno yake ya amri pamoja na ujumbe wake wa makosa viwe katika lugha ya mwanafunzi, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Tafsiri hufanywa na watu wa kujitolea, sentensi moja baada ya nyingine, na sentensi iliyokwisha kuwekwa inaweza kupendekezewa marekebisho na msomaji yeyote, wa Dar es Salaam au wa Kindu.